Nani Anashika Kipimo cha Ziwa

Tarehe 7 Novemba 1857 msafara wa Richard Burton na John Hanning Speke uliingia Kaze, mji wa wafanyabiashara uliokuwa pale ambapo leo ni Tabora. Mwenyeji wao alikuwa Sheikh Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman aliyeijua bara kuliko Mzungu yeyote wa zama zile. Wageni walifika wakiwa na ramani ya wamisionari inayoonyesha ziwa moja kubwa mno, limelala katikati ya Afrika. Snay aliwasahihisha. Aliwaambia maziwa ni matatu: Nyasa upande wa kusini, la Ujiji (Tanganyika) magharibi, na la Ukerewe (Victoria) kaskazini, ambalo ndilo kubwa kuliko la Ujiji.

Vitabu vingi vya shule huanza habari za Ziwa Victoria pale Speke alipolitazama kutoka kilimani Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Mimi naianza barazani kwa Snay. Makadirio ya ukubwa wa ziwa hilo aliyoyapata Speke kabla ya safari yake yalitoka Kaze, kwa watu waliolijua kwa biashara, kwa siku za kutembea na siku za kupiga makasia. Speke alikwenda kuhakikisha kile alichokwisha kuambiwa.

Na walioambiwa walikuwa na sababu ya kuamini. Katika njia ile ya kati, kuanzia Bagamoyo kupita Ugogo hadi Unyanyembe, yaani nchi ya Kaze, na Ujiji, elimu ya maji ndiyo iliyotenganisha kirangozi, kiongozi wa msafara, na mpagazi wa kawaida. Mashariki ya Unyanyembe palikuwa na Mgunda Mkali, nyika kavu ambamo visima vilikuwa mbali mbali na kiangazi vingine vilikauka kabisa. Huko misafara iliterekeza: iliondoka adhuhuri imebeba maji katika vibuyu, ikatembea mpaka giza, ikalala pasipo kisima, ikaamka alfajiri kulifuata bwawa lililosemwa kuwa lipo. Kirangozi alipaswa kujua kwamba maji yapo, na zaidi ya hapo, kama yatawatosha watu mia mbili na punda wao. Akikosea hesabu hiyo, watu walikufa. Unyamwezi ulipata utajiri wake kwa pembe za ndovu na kwa mabega ya vijana wake, lakini Kaze ilikaa pale ilipokaa kwa kuwa maji ya visima hayakuwa mbali chini ya ardhi.

Speke alitoka Kaze mwezi Julai pamoja na Sidi Mubarak Bombay, akimwacha Burton bado mdhaifu kwa maradhi. Alipofika Mwanza hakuwa na mashua ya kulizunguka ziwa. Alikuwa na kipimajoto. Maji huchemka kwa joto pungufu kadiri unavyopanda juu, kwa sababu hewa huko juu ni nyepesi. Ukisoma kipimajoto ndani ya maji yanayochemka, unaweza kukisia uko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Kwa njia hiyo alilipa Ziwa Victoria urefu wa futi 3,700 na ushei, na kwa bahati akakaribia sana ukweli, kwani ziwa hilo lipo mita zipatazo 1,134, yaani futi 3,720. Kwa Ziwa Tanganyika alikosea vibaya. Alilipa takriban futi 1,850, nalo lipo zaidi ya futi 2,500. Kosa la nyuzi moja na kitu katika kipimajoto kilichochoka lilitosha kulizamisha ziwa zima futi mia saba kwenye ramani za dunia, na Wazungu wakabishana miaka mingi kama maji ya Tanganyika yanaweza kupanda kwenda Nile.

Natumia muda kwa kipimajoto hicho kwa sababu swali lake ndilo swali la setilaiti ya leo: uso wa maji uko juu kiasi gani? Ukijua jibu mara moja, umepata jina la kuandika kwenye ramani. Ukilijua kila wiki, mwaka baada ya mwaka, umepata hesabu ya akiba.

Wa kwanza kuona kwamba maziwa yenyewe hayatulii walikuwa wakazi wa Ujiji. Henry Stanley alipofika huko mwaka 1871 kumtafuta mvumbuzi David Livingstone, sokoni palikuwa na miti mitatu ya jamii ya michikichi. Aliporudi mwaka 1876 aliikuta ndani ya maji. Ziwa lilikuwa limepanda. Katikati ya safari hizo mbili Verney Lovett Cameron alikuwa amekaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ambako mwezi Oktoba 1873 watumishi Chuma na Susi walifika na wenzao wakiwa wamebeba mwili wa Livingstone. Cameron aliendelea na safari kwenda Tanganyika, na mwezi Mei 1874 akauona mto Lukuga katika pwani ya magharibi, akasema hapo ndipo ziwa linapotoka. Stanley alipopita miaka miwili baadaye hakuona mkondo. Aliona tope, mafunjo na mchanga vimeziba mdomo wa mto. Akatabiri kwamba ziwa likiendelea kupanda, litaubomoa ule mwiba uliokwama kooni mwa Lukuga.

Wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa siku yake. Edward Coode Hore, nahodha wa meli aliyefika Ujiji mwaka 1878 kwa niaba ya London Missionary Society, alikuta kizuizi kimekwisha vunjika na maji yakienda kwa nguvu kuelekea Kongo. Hore alifanya jambo ambalo wasafiri mashuhuri waliomtangulia hawakulifanya. Aliweka alama ya kupimia maji Ujiji, akairudia, akaandika. Ziwa likashuka mbele ya macho yake. Ndani ya kipindi kifupi michanga iliyofunikwa kwa miaka ilijitokeza tena. Kwangu mimi alama ile ya nahodha mmisionari ina uzito kuliko nusu ya vitabu vya safari za karne ile, kwa sababu iliweka msingi wa kazi yote iliyofuata: kipimo kimoja, mahali pamoja, kikisomwa tena na tena.

Kwa upande wa Victoria kazi hiyo ilianza mwaka 1896, Waingereza walipoanza kusoma usawa wa ziwa huko Uganda. Nguzo ya vipimo iliyokuja kuwa mashuhuri ni ile ya Jinja, mahali ambapo Nile inatoka ziwani. Hadi leo gazeti likiandika kwamba ziwa lina mita 12 au 13, linataja alama kwenye nguzo ya Jinja, wala si kina cha maji. Kina cha wastani cha ziwa ni kama mita 40.

Nguzo hiyo ilisomwa Uganda, lakini aliyeihitaji zaidi alikuwa Misri. Harold Edwin Hurst, mtaalamu wa Kiingereza aliyefika Kairo mwaka 1906 na kuutumikia mto huo kwa miongo mingi, alijifunza kwamba miaka ya mvua huja mfululizo na miaka ya ukame pia huja mfululizo, kwa hiyo bwawa la kuhifadhi maji ya mwaka mmoja halitoshi. Yeye na wenzake walipendekeza akiba ya karne nzima, na ghala lake kuu lingekuwa Ziwa Victoria lenyewe. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth II alifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja. Misri ilikuwa imelipia ukuta ujengwe mita moja zaidi ya ilivyohitajika kwa umeme, ili siku moja maji ya ziada yawekwe akiba kwa ajili yake. Mwamba wa asili uliokuwa ukisimamia mtoko wa ziwa, Maporomoko ya Ripon, ulichongwa na kuzamishwa.

Tangu siku ile Ziwa Victoria ni bwawa. Watu wengi wa kandokando yake, na sisi wa Tabora tunaokunywa maji yake kwa mbali, hatujazoea kulifikiria hivyo, lakini kwa hesabu ya maji yanayoweza kufunguliwa na kufungwa kwa milango ya chuma, ni miongoni mwa mabwawa makubwa kabisa duniani. Uso wake ni kilomita za mraba zipatazo 68,800. Sentimita moja tu ya uso huo ni karibu mita za ujazo milioni 690. Nusu mita ni kilomita za ujazo 34, kiasi kinacholingana na Bwawa zima la Julius Nyerere kule Rufiji likiwa limejaa pomoni.

Kwa hiyo mkataba ulihitajika wa kuamua maji kiasi gani yatoke. Waingereza na Misri walikubaliana kwamba bwawa liige maumbile: ziwa likiwa kwenye usawa fulani, mtoko uwe uleule ambao Ripon ingeutoa zamani. Mchoro unaofunga usawa na mtoko uliitwa Mchirizi wa Makubaliano. Ni utaratibu mzuri wenye udhaifu mmoja: anayesoma nguzo ndiye anayefungua mlango. Wengine wote hungoja kuambiwa.

Kati ya 1961 na 1964 mvua zisizo na mfano zililipandisha ziwa kama mita mbili na nusu. Vijiji vya mwambao, gati na mashamba vilizama katika nchi zote tatu zinazolizunguka, na utafiti mkubwa wa hali ya maji wa maziwa ya juu ya Nile ulioanza mwaka 1967 ulizaliwa kutokana na mshtuko huo. Miaka hiyohiyo Tanganyika huru ilitangaza, mwaka 1962, kwamba haifungwi na mkataba wa Nile wa 1929 ambao Waingereza waliutia sahihi na Misri kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa. Msimamo huo wa Mwalimu Nyerere ulikuja kuwa na maana kubwa kwa bomba la Tabora, kama tutakavyoona.

Tarehe 10 Agosti 1992 Marekani na Ufaransa zilirusha setilaiti ya TOPEX/Poseidon. Ilizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 1,336, ikirudi juu ya mstari uleule kila baada ya siku kumi hivi. Kazi yake ilikuwa bahari. Ilituma wimbi la rada moja kwa moja chini, ikapima muda wa wimbi kwenda na kurudi, kama mtu anayekisia umbali wa jabali kwa mwangwi wa sauti yake. Kimo cha setilaiti chenyewe kilijulikana kwa usahihi mkubwa kutokana na vituo vya ardhini. Ukitoa umbali uliopimwa, kinachobaki ni usawa wa maji. Kuna marekebisho mengi ya kufanya, kwani mvuke wa hewani huchelewesha wimbi na mawimbi ya maji huchafua mwangwi, lakini juu ya ziwa pana kama Victoria hesabu hutoka kwa tofauti ya sentimita chache tu na ile ya nguzo.

Wanasayansi wachache waligundua mapema kwamba chombo hicho cha bahari kinapita pia juu ya maziwa. Charon Birkett alikuwa mstari wa mbele. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoivuruga Afrika Mashariki, yeye na wenzake walionyesha kwa vipimo vya TOPEX/Poseidon jinsi Ziwa Victoria lilivyopanda kama mita 1.7, na jinsi Tanganyika, Rukwa na Malawi yalivyopanda pia, huku wakiufuatilia msukosuko huo hadi kwenye joto lisilo la kawaida la Bahari ya Hindi. Mapema miaka ya 2000 Idara ya Kilimo ya Marekani, ikishirikiana na watafiti hao, ilianza kuweka hadharani usawa wa maziwa na mabwawa makubwa ya dunia. Kule Toulouse, Wafaransa walifanya vivyo hivyo. Setilaiti ya Jason-1 ilikuwa imerushwa Desemba 2001 kuchukua nafasi ya ile ya kwanza. Kuanzia hapo usawa wa Ziwa Victoria haukuwa tena siri ya ofisi yoyote. Mtu mwenye kompyuta Mwanza, Kisumu au Tabora angeweza kuusoma.

Siri hiyo ilikuwa imevunjika kwa wakati, kwani mtihani ulikuja upesi.

Mwishoni mwa 2003 ziwa lilianza kushuka, likashuka mwaka 2004, likashuka zaidi 2005. Ulipofika mwaka 2006 lilikuwa limefika chini kuliko wakati wowote tangu 1923. Uganda ilikuwa gizani kwa mgawo wa umeme. Mwanza na Kisumu vyombo vilipata shida kutia gati, na wavuvi waliburuta mitumbwi juu ya matope yaliyokuwa mazalia ya samaki. Maelezo yaliyotolewa mara nyingi yalikuwa ukame, na ukame ulikuwapo kweli. Mwaka ule mabwawa yetu ya umeme nayo yalikauka, na Mtera iliwafanya Watanzania wakariri neno mgawo.

Lakini kitu kingine kilikuwa kimebadilika Jinja. Kando ya bwawa la zamani, lililopewa jina la Nalubaale, ulijengwa mtambo wa pili wa Kiira, ulioanza kuzalisha umeme mwaka 2000. Mitambo ilikuwa mingi kuliko maji ambayo Mchirizi wa Makubaliano uliiruhusu itumie. Mwaka 2006 Daniel Kull, mtaalamu wa maji aliyekuwa Nairobi, alitoa ripoti iliyoweka hesabu mezani: mvua, mvuke, mito inayoingia, na usawa wa ziwa kama ulivyopimwa kutoka angani na kuchapishwa kwa umma. Alihitimisha kwamba zaidi ya nusu ya mshuko wa miaka miwili ya karibuni ulitokana na maji kufunguliwa kupita makubaliano. Wengine walihoji nambari zake. Mwaka 2007 John Sutcliffe, aliyeijua Nile kwa umri wake wote wa kazi, alichapisha pamoja na mwenzake hesabu iliyoonyesha jambo lilelile kwa njia nyingine.

Kisha ukaja ushahidi wa aina mpya kabisa. Setilaiti pacha za GRACE, zilizorushwa Machi 2002 na Marekani na Ujerumani, hazikutazama uso wa maji hata kidogo. Zilifuatana zikiwa umbali wa kilomita kama 220, zikipimana umbali huo kwa usahihi wa ajabu. Zilipopita juu ya mahali penye uzito mkubwa, ya mbele ilivutwa kwanza, umbali ukabadilika. Maji yana uzito. Ziwa likipungua, mvuto wa ardhi mahali hapo hupungua. Sean Swenson na John Wahr walichapisha mwaka 2009 hesabu ya bonde la Victoria kwa kuunganisha uzito uliopimwa na GRACE, usawa uliopimwa na rada, na mvua iliyopimwa na setilaiti nyingine. Maziwa mengine ya jirani yalipata ukame uleule bila kushuka kiasi kile. Jibu lao: karibu nusu ya mshuko ulitokana na uendeshaji wa bwawa.

Hapa ndipo ninaposimama katika historia hii. Walioamua kufungua maji Jinja walikuwa na mji mkuu wenye giza na hospitali zisizo na umeme. Sitawahukumu kana kwamba hawakuwa na mzigo. Ila maji waliyoyatumia yalikuwa ya nchi tatu, na kabla ya setilaiti ilikuwa vigumu kwa wenye maji hayo kuhesabu kilichochukuliwa. Kwa nusu karne kipimo kilikuwa mikononi mwa mwenye mlango. Mwaka 2006 kikatoka mikononi mwake. Mtafiti aliyekuwa nje ya serikali zote zinazohusika aliweza kuweka nambari mbele ya umma, nazo zikapata uthibitisho kutoka kwa vyombo visivyo na maslahi yoyote katika umeme wa Kampala. Sijui tukio lingine katika historia ya maji ya Afrika Mashariki lililopindua mamlaka ya kujua kwa kiasi hicho.

Watu wa Tabora walikuwa karibu kuingia katika jambo hilo kwa miili yao. Kwa miongo mingi mji ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na kila aliyeishi Tabora katika kiangazi kibaya anakumbuka foleni za ndoo na bei ya dumu mtaani. Mwaka 2004 Tanzania ilipoanza kutekeleza mradi wa kuyatoa maji ya Ziwa Victoria hadi Kahama na Shinyanga, Misri ililalamika kwa kuutaja mkataba wa 1929. Serikali ilijibu kwa msimamo wa 1962 na kuendelea. Maji yalichukuliwa Ihelele, wilayani Misungwi, yakafika Shinyanga na Kahama mwaka 2009. Kutoka Solwa bomba likaendelezwa kwa mkopo wa India wa dola milioni 268 hadi Nzega, Igunga na Tabora, na mwezi Januari 2021 Rais John Magufuli akauzindua mradi mjini Tabora. Leo mkazi wa Chemchem, ndani ya manispaa, anafungua bomba na kuchota ziwa ambalo Speke alitembea majuma kulifikia.

Jiografia ya bomba hilo inastahili kutazamwa vizuri. Mvua inayonyesha Tabora haiendi Victoria. Kwa sehemu kubwa hushuka Igombe na Ugalla, huingia Malagarasi, hufika Tanganyika, hutoka kwa Lukuga hadi mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Maji ya Ihelele yangebaki ziwani yangekwenda Nile na Mediterania. Yakishatumika Tabora, yanayosalia hufuata mteremko wa Kongo. Mji huu sasa unaishi kwa mabonde mawili, na akiba zake mbili kuu, Ziwa Victoria unalokunywa na Ziwa Tanganyika unalolimwagia, zote husomwa na setilaiti zilezile. Jason-2 ilifuata mwaka 2008, Jason-3 mwaka 2016, kisha Sentinel-6 Michael Freilich Novemba 2020, kila moja ikipokea mstari kutoka kwa iliyotangulia ili mfululizo ulioanza 1992 usikatike. Mei 2020 mfululizo huo ulionyesha Victoria likifika mita 13.42 kwa alama ya Jinja, likaipita kidogo rekodi ya 1964. Mei 2024 likaipita tena. Tanganyika nalo lilipanda miaka hiyo mpaka maji yakaingia bandarini Kigoma na mitaani Bujumbura.

Igombe ni habari nyingine. Mistari ya Jason imepishana kilomita 315 karibu na ikweta, na bwawa la mji mdogo hupotea katikati yake. Hata mstari ukilipitia, mwangwi wa maji huchanganyika na wa kingo na miti. Kwa mabwawa ya namna hii, na kwa malambo yote ya mifugo kutoka Igunga hadi Urambo, wataalamu walianza upande wa pili wa hesabu: eneo. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilipiga picha tangu Julai 1972, na picha za Landsat za baadaye zinaonyesha mita thelathini kwa mita thelathini wapi palikuwa na maji na wapi pamekuwa tope. Mwaka 2016 Jean-François Pekel na wenzake wa Umoja wa Ulaya walichapisha ramani ya maji yote ya juu ya ardhi duniani, iliyotokana na picha milioni tatu za miaka 1984 hadi 2015, na ukiifungua juu ya Tabora mabwawa yanaonekana yakitanuka na kunywea. Masika mawingu hufunika picha za kawaida; tangu 2014 rada ya Sentinel-1 ya Ulaya hupenya mawingu hayo na kuuona uso wa maji usiku na mchana.

Ukiwa na eneo na usawa kwa siku moja, unapata nukta moja. Ukipata nukta nyingi, kuanzia bwawa likiwa limejaa hadi likiwa limebaki dimbwi, unachora umbo la bonde lenyewe, na kutoka hapo mabadiliko ya akiba huhesabiwa: mshuko wa mita moja kwenye eneo hili ni mita za ujazo kadhaa. Mwaka 2012 Huilin Gao, Birkett na Dennis Lettenmaier walitumia njia hiyo kwa mabwawa makubwa 34 ya dunia. Udhaifu wake uko chini. Setilaiti huona sehemu ya bonde iliyowahi kukauka tu. Maji yaliyo chini ya kiwango cha chini kabisa kilichowahi kuonekana hayamo katika hesabu, na tope linalojazana sakafuni kila masika kutoka mashamba ya tumbaku na njia za ng'ombe hupunguza ujazo bila kubadilisha sura ya bwawa kwa aliye juu. Bwawa linaweza kuonekana limejaa angani na kuwa na maji pungufu kuliko miaka ishirini iliyopita.

Tarehe 16 Desemba 2022 Marekani na Ufaransa, pamoja na Kanada na Uingereza, zilirusha SWOT. Ina antena mbili kwenye ncha za mlingoti wa mita kumi, na badala ya mstari mwembamba hupima mkanda wa kilomita 120, usawa na eneo kwa pamoja, ikirudia dunia nzima kila siku 21. Imeundwa kuyaona maji yenye upana na urefu wa mita 250 na kuendelea, na vipimo vyake hutolewa bure. Igombe limo ndani ya uwezo huo kwa mbali sana. Kilichobaki ni kazi ya mashua: kupima sakafu ya bwawa kwa kifaa cha mwangwi, mstari kwa mstari, na kusoma nguzo ya ukutani siku ileile SWOT inapopita, ili nambari za juu zifungwe na za chini. Hiyo ni kazi ya TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora, ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika na ya vijana wanaosomea maji na ramani katika vyuo vyetu, na wakati wake mzuri ni Aprili, mvua zinapokatika na bwawa likiwa limejaa hadi mwisho wa kingo zake.